Maharage Mfukoni

Kila baada ya hatua kumi alitoa haragwe moja mfuko wa kulia akalitia mfuko wa kushoto. Tulikuwa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, Jumanne asubuhi, na hapakuwa na mzee hata mmoja kati yetu. Wazee wangekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Siku hiyo mama huyu alikuwa amekuja kuwapimia njia. Alitembea polepole kutoka pale kosta ingesimama mpaka kwenye mwembe wenye benchi, akayamwaga maharage kiganjani, akayahesabu. Yalikuwa kumi na manne. Hatua 140.

"Mbali," akasema. "Tutafute mwembe mwingine."

Tulitafuta karibu saa nzima. Wa pili ulikuwa na kivuli kizuri lakini mizizi yake imetoka juu ya ardhi kama vidole, na mzee asiyeinua mguu vizuri angejikwaa. Wa tatu ulikuwa wa maharage manne. Aliketi chini yake, akainuka, akaketi tena, mara tano, bila kutumia mikono. Kisha akaandika kwenye daftari: benchi fupi mno, tuje na viti.

Huyu mama alikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka zaidi ya ishirini. Sasa, kila ikikaribia Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, jumuiya yake hapa Mbinga humkabidhi wazee ishirini na kidogo awapeleke ziwani wakapumzike siku moja. Wakati ni mzuri: kahawa imekwisha kuvunwa, vijana wana nafasi, mvua bado. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60. Yeye hahesabu miaka. Anahesabu magoti, macho na kibofu.

Nimemfuata kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kushindwa. Miaka michache iliyopita nilimchukua mama yangu kwenda mjini, nikampangia mambo saba kwa siku moja, yote ya heshima. La tatu lilikuwa na ngazi. Alisema amechoka, akabaki garini na vioo vimeshushwa, akanisubiri mpaka jioni. Njia nzima ya kurudi alinishukuru, na mpaka leo shukrani ile inaniuma. Nilidhani nimemkosea kwenye ngazi. Kumbe nilimkosea tangu kwenye lile la pili, ambapo alikuwa ameshaanza kutafuta choo na akaona aibu kuuliza.

Kwa mama huyu choo ndicho kinachoanza, mandhari hufuata. Wengi wa wazee wake wanatumia dawa za presha, na baadhi ya vidonge hivyo vinakojoza. Mzee akijua anasafiri, atafanya moja kati ya mawili: ataruka kidonge kimyakimya, au ataacha kunywa maji tangu usiku. Yote mawili ni hatari, na la pili linamwangusha kwa kizunguzungu akishafika kwenye joto la ziwani. Kwa hiyo wiki moja kabla anapita nyumba kwa nyumba. Kwa suala la saa ya kumeza kidonge huwapeleka kwa daktari wao, haligusi mwenyewe. Anachowaambia ni vituo: tutasimama hapa, halafu pale, choo kipo, nimekiona kwa macho yangu, maji yapo, mlango unafungika. Mzee akishajua hayo, anakunywa maji.

Vyoo vingi vya njiani ni vya kuchuchumaa, na goti la miaka 78 halichuchumai. Ndiyo maana nyuma ya kosta husafiri kiti cha plastiki cheupe, kama vile vya harusini, kilichokatwa tundu katikati. Nimekishika. Ukingo wa tundu umesuguliwa kwa msasa mpaka ukawa laini kama kikombe. Chini amefungia mbao mbili kupishana, kwa sababu plastiki ikikatwa hupoteza nguvu, na kila mguu umevishwa kipande cha mpira wa tairi usiteleze kwenye sakafu yenye maji. Kijana mmoja hutangulia nacho chooni kikiwa kimefunikwa kitenge, hukiweka, hutoka, hukaa mbali. Mzee akiingia anakikuta.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya miji inayowafaa wazee, baada ya kuwasikiliza wazee wa miji 33, Nairobi ikiwa mojawapo. Mabenchi na vyoo vimo mle. Mama huyu hajausoma. Amefika palepale kwa kusimama mlangoni mwa wodi akitazama watu wanavyonyanyuka kitandani.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami, kilomita 66, na wanaokumbuka tope la zamani huisifu barabara hiyo kila kona. Lakini ni mteremko. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 kutoka usawa wa bahari, nasi Umatengo, huku Mbinga, tuko juu zaidi kwa mamia ya mita; mtu huondoka amevaa sweta na kofia ya sufu, akafika anatafuta upepo. Masikio huziba njiani. Dereva amekwisha kuelezwa: kona zote gia ndogo, na breki isikanyagwe ghafla. Wenye goti la kushoto lisilokunjika hukaa upande ambao mguu huo utanyooka kwenye ujia wa katikati, na wa kulia vivyo hivyo. Madirishani hukaa waliolima. Hao ndio watakaotazama mashamba ya ngolo yaliyotobolewa vishimo kwenye miteremko na kubishana ni la nani limetifuliwa vizuri, na ubishi huo huwafikisha bonde la chini bila kuhisi mwendo.

Mlangoni pa kosta kuna kigoda, kipana, kizito. Siku ya safari nilitazama wazee wote wakikikanyaga, wakipanda na wakishuka, na pale nikaona kazi yenyewe. Vijana wamefundishwa neno moja: usimshike mzee, mpe mkono akushike yeye. Tofauti yake unaiona kwenye mabega ya mzee. Akishikwa kwapani, hujikunja na kukaza mwili kama mtu anayekamatwa. Akipewa mkono, hunyooka. Wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia. Wakati wa kushuka, mguu mbovu hutangulia, na kijana husimama chini, mbele yake, si nyuma.

"Shikamoo babu," alisema kijana wa kwanza, mkono umenyooshwa.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenipa mkono wa kushoto."

"Fimbo iko kulia, babu."

Mzee alitazama fimbo yake, akatazama ule mkono, akaushika. Hakuna aliyemuuliza kama ataweza.

Mpango wa siku nzima una mambo mawili tu: kulitazama ziwa, na kula. Mwanzoni kamati ya jumuiya ilitaka kuongeza Liuli, kaskazini, wakaone jiwe la Pomonda na ile bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ambapo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani. Ni historia kubwa, na mimi ningeiweka. Yeye aliifuta. Safari nyingine ya kwenda na kurudi ingekula saa za kupumzika, na uchovu wake ungeonekana Jumatatu, mzee akiwa kitandani. Badala yake alimwomba mzee mmoja aliyewahi kuishi Liuli awasimulie wenzake chini ya mwembe. Alisimulia kwa dakika arobaini, na Pomonda ikawafuata pale walipokaa.

Ziwa hutazamwa asubuhi. Upande wetu huu jua huchomoza nyuma, kwenye milima, na maji yanaonekana bluu mpaka mbali. Siku ikiwa safi, milima ya Malawi ng'ambo inajitokeza. Ikishapita saa nane jua limevuka, linapiga kwenye maji na kurudi machoni, na mwenye mtoto wa jicho haoni ila weupe unaochoma. Kwa hiyo saa tatu na nusu viti vyote vilitazama magharibi. Saa sita vikageuzwa, migongo ikaelekea ziwani, chakula kikaletwa. Mwenye sukari hangoji. Ugali wa muhogo na magege ya kuchemsha, miiba imetolewa jikoni kwa wote. Hakukuwa na sahani ya wasio na meno. Sahani zilikuwa sawa, na hakuna aliyejua nani anahitaji na nani hahitaji.

Mama yangu alikuwa miongoni mwao mwaka huu. Baada ya chai alitaka kugusa maji. Nilijua mchanga ule mkavu, fimbo inazama mpaka nusu, nikaanza kutafuta maneno ya kumkataza. Mama wa maharage alinyoosha kidole tu. Walikuwa wametandika magunia matupu kutoka kwenye nyasi hadi pale wimbi linapoishia, na kuanzia hapo mchanga uliolowa umeshindiliwa na maji, mgumu kama sakafu ya udongo. Alikuwa ameupima ile Jumanne kwa kuuchoma na fimbo kila hatua. Mama yangu alitembea juu yake, fimbo ikiacha vitobo vidogo vya duara, akafika, akavua kandambili moja, halafu ya pili. Akasimama majini muda mrefu. Sikumwambia kitu.

Kosa lilijitokeza saa tisa. Wazee walitaka usipa, dagaa wa ziwa hili. Hakuna mtu wa Umatengo anayeteremka ziwani akarudi mikono mitupu, na nyumbani wajukuu wanangoja usipa. Kina mama wauzaji waliitwa waje mpaka mlangoni pa kosta, kusiwe na kutembea sokoni, lakini ndoo zao zilikuwa na mafungu machache. Zilikuwa siku za mbalamwezi. Usipa huvuliwa kwa taa katika giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haivuti samaki. Mafungu yaligawanywa kidogo kidogo, kila mzee akapata kifuko, wengine wakanung'unika wazi kabisa, na ilikuwa haki yao.

Yeye hakujitetea. Kosta ilipoanza kupanda, wengi wakiwa wamelala na sweta zimerudi mabegani, aliwasha tochi ya simu akafungua daftari kwenye ukurasa wa mwakani. Aliandika juu kabisa, kabla ya vyoo, kabla ya mwembe: *Tarehe — uliza wavuvi, mwezi uwe gizani.*