Washa Bapa Juu ya Vimo Viwili

Nianze na ile washa, maana ndiyo iliyoharibu kazi. Mliosimama nami chini ya mwembe, karibu na njia ya bandarini, mliona nilichokiona. Land Cruiser FJ45, pikapu ya mzigo, injini ya 2F. Boneti imetolewa kabisa. Heda mpya, ile ya kuchukua nafasi ya manifoldi ya moshi, imekaa kwenye bolti zake, manifoldi ya hewa imerudishwa juu yake. Fundi kijana akachukua washa pana, bapa, akailaza nusu kwenye sikio la manifoldi ya hewa na nusu kwenye flanji ya heda, akakaza. Vyuma viwili vya vimo tofauti chini ya washa moja iliyonyooka. Kazi ya siku tatu iliharibika pale pale, na sisi tuliokuwa tumekunja mikono hatukumzuia. Mimi nilinyoosha mdomo, nikachelewa.

Kwenye 2F manifoldi ya hewa na ile ya moshi zinakaa upande mmoja wa kulasi na zinashikwa na bolti zile zile. Washa haishiki kitu kimoja, inashika viwili, ubavu huu na ubavu ule. Kwa vyuma vilivyotoka kiwandani masikio yanalingana, washa inalala, kila upande unapata haki yake. Heda ya dukani ni habari nyingine. Flanji yake hukatwa kwenye bamba la chuma, na unene wa bamba hilo aliuchagua mtu ambaye hajawahi kuiona manifoldi yako. Ndiyo maana kabla ya kushika spana unashika kipimo.

Hakuna aliyepima. Flanji ya heda ilikuwa imezidi kimo, kwa hiyo washa ililala kimshazari: ukingo mmoja ukaibana heda kwelikweli, ukingo wa pili ukabaki hewani juu ya sikio la manifoldi ya hewa. Nilichukua jino la msumeno wa chuma, lile jembamba la kukatia bomba, nikalipitisha chini ya washa ya katikati. Likapita, likatoka upande wa pili bila kukwaruza. Nikamwonyesha. Akanijibu kwa adabu, sina la kumlaumu hapo: “Papa, zikipata moto zitakaa zenyewe.”

Haziwezi kukaa zenyewe. Moto hutanua chuma, haumpi mtu unene alioukosa. Bolti iliyokazwa juu ya washa iliyolala upande inapinda, na kadiri injini inavyopata moto na kupoa, ndivyo nati inavyolegea. Kilicholegea hapa si upande wa moshi, ambao ungepiga kelele na kujitangaza mwenyewe. Ni upande wa hewa. Injini inanyonya hewa ambayo haikupitia kwenye kabureta, hewa isiyo na esansi, na inainyonya kimya kimya.

Mlisikia alipoiwasha. Ralanti ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, kama mtu anayetafuta pumzi. Chini ya kabureta kulikuwa na mluzi mwembamba. Hapo bado palikuwa na nafasi ya kuokoa kazi: zima, acha ipoe, fungua, pima. Yeye akachukua bisibisi akaongeza esansi kwenye kabureta mpaka ralanti ikatulia. Watu wakapiga makofi. Lakini bisibisi ya kabureta inalisha silinda zote sita, na shimo lile linaiba kwenye silinda zilizo karibu nalo tu. Sasa kuna silinda zinazokunywa kupita kiasi na nyingine zinazokaukiwa. Zile kavu zinachoma moto mkali kuliko unaotakiwa, na anayeumia kwanza ni valvu ya moshi. Pakia tani moja, panda nayo njia ya Bendera, na kulasi itakwambia.

Mengine aliyafanya vizuri. Alizitoa bolti za zamani kwa moto na mafuta bila kuvunja hata moja, na bomba la nyuma alilining'iniza kwenye mpira.

Niseme pia lile ninalolisema kila mara: sioni pikapu hii ilihitaji heda ya nini. 2F ni injini ya lita 4.2 iliyoundwa kuvuta. Nguvu yake ya kukokota iko chini, karibu na mizunguko 1,800 kwa dakika, na hapo ndipo dereva wa barabara zetu anapoishi. Faida ya heda hupatikana juu, kwenye mizunguko ambayo matope ya hapa hayamruhusu mtu kufika. Kinachopatikana ni mlio, na kwa ajili ya mlio watu wanatupa manifoldi nzima ya chuma cha kusubu isiyo na ufa. Ile njia ya joto iliyokuwa inapasha sakafu ya kabureta nayo imezibwa kwa kibati. Kwa joto letu la kando ya ziwa hilo nalisamehe.

Washa siisamehei, kwa sababu mji huu unajua kazi ya chuma. Reli kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, wakati huo tukiitwa Albertville, na wazee waliokulia kwenye karakana ya reli wasingekubali jambo hili. Mzee wa mashine ya kukereza angekata vipande vya nusu mwezi vya unene ule ule uliopungua, akaviweka upande wa chini wa kila washa. Au angekereza washa zenye ngazi. Au angezifunga manifoldi zote mbili pamoja na kuzisawazisha uso kwa mara moja, azikaze kuanzia katikati kwenda pembeni, aiwashe injini, aiache ipoe, kisha azikaze tena. Vipande vile ni kazi ya asubuhi moja.

Na tuangalie ng'ambo ya ziwa. Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ililetwa Kigoma kwa vipande ndani ya makasha na kuungwa pale chini ya Anton Rüter na wenzake. Julai 1916 walipoamriwa kuizamisha, waliipaka mashine grisi nzito kwanza, kila uso wa chuma, ndipo wakaiachia maji. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mashine ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Wale walikuwa wanazamisha meli vitani, na bado walijali uso wa chuma. Huyu alikuwa na kivuli, siku tatu na chai ya moto.

Jumatatu nilipita tena. Pikapu ilikuwa imeshaondoka. Manifoldi ya zamani bado ilikuwa imelala kwenye shina la mwembe, masikio yake yote mazima, na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshaigusa kwa mguu. Nimempigia mwenye gari simu aje aichukue leo hii.