Sakafu ya Seremala

Ukitaka kumjua seremala, tazama chini kabla hujakitazama kitanda alichokiunda. Pale Keko, Dar es Salaam, ambako samani hupangwa kando ya barabara zikisubiri wanunuzi, sifa zote huenda kwa mninga uliopigwa msasa ukang'aa. Mimi namsifu anayejua kuitunza sakafu. Huo nao ni ufundi, na ndio unaomwachia fundi vidole vyake vyote kumi.

Ajali ya msumeno wa mashine inaweza kuanzia miguuni. Fundi anasukuma ubao kwa mikono miwili, macho yako kwenye mstari, na nyuma ya kisigino kuna kipande cha mbao au maranda yaliyotanda juu ya saruji. Mguu ukiteleza, mwili huenda mbele na mikono hutangulia. Ndiyo maana fundi mzoefu huzima mashine, akangoja meno yasimame kabisa, akayaondoa mabaki kwa kijiti, ndipo achukue ubao mwingine. Asiyejua atamwona mvivu.

Mtazame pia anapobomoa mbao chakavu. Msumari huung'oa papo hapo, au huupinda, kabla ubao haujalazwa chini. Randa huilaza ubavu. Waya wa umeme huupitisha juu ili usikatize njia. Matambara yenye mafuta ya kitani huyatandaza nje yakauke, kwani yakirundikwa hupata joto yenyewe hata yakawaka. Vumbi laini hulifagia taratibu, pua imefunikwa. Tangu 1995 vumbi la mbao limo katika orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kinachoniuma ni kwamba kazi hii haina bei. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania, ya mwaka 2003, inataka usafi, lakini fundi hulipwa kwa kitanda, kwa kabati, kwa mlango. Basi ufagio huachiwa kijana aliyekuja juzi kujifunza, tena jioni, wakati hatari imekwisha kushinda na mafundi kutwa nzima.

Karakana ninazozipenda ni zile ambazo fundi mkuu mwenyewe hushika ufagio mchana, mashine zimezimwa, na kijana akajifunza kwa kumwona: pa kuanzia ni chini ya msumeno, vipande virefu vinarudi rafuni, vifupi vinakuwa kuni, na maranda yanaingia kwenye magunia ya wafuga kuku.