Mstari uliochorwa baada ya mazishi

Kosa liko kwenye mstari wa kuwagawa wagonjwa, wala si kwenye damu. Uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu, unaopatikana kwenye kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu (FBP), umeonyesha mara nyingi nani ana hali mbaya zaidi baada ya upasuaji wa saratani ya tumbo. Hilo halina ubishi.

Lakini nani aliruhusu watafiti wasubiri mpaka wagonjwa wafe, ndipo kompyuta isake kiwango kinachowagawa vizuri, kisha kiwango hicho kisifiwe kwa wagonjwa walewale? Huko ni kusimika milingoti ya goli mpira ukishapita. Matokeo yake huyu anakata kwenye 2, yule 3, mwingine 5, na kila mmoja anaapa kwa wake. Safu hii imelipigia kelele jambo hili hadi imechosha watu, na itaendelea.

Mpasuaji Onodera wa Japani alikuwa na adabu zaidi. Fahirisi yake ya lishe ya mwaka 1984 ni albumini (gramu kwa desilita) mara 10, ukijumlisha limfosaiti (kwa milimita moja ya ujazo ya damu) mara 0.005; jibu likiwa chini ya 40, usikate wala kuunga utumbo. Alikuwa anamwonya mpasuaji. Waliokuja nyuma yake ndio walioigeuza ramli ya miaka mitano.

Tuseme mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, ana albumini 3.1 na limfosaiti 1,800: anapata 40 kamili. Malaria ikimpanda wiki hiyo, limfosaiti zikashuka hadi 900, anabaki na 35.5. Uvimbe ni uleule! Na Kigoma ndiyo iliyoongoza kwa malaria ya watoto katika utafiti wa kitaifa wa 2017. Ongeza VVU, kichocho cha ziwani, na nyutrofili ambazo kwa Waafrika wengi wazima huwa chache kuliko vipimo vya Ulaya. Uwiano wa mtu wa Ujiji, hukohuko Kigoma, unaweza kupendeza bure.

Hospitali ya Bugando ya Mwanza, ambayo kwa miaka mingi imepokea rufaa hadi za Kigoma, ilichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo. Kazi safi: vifo vilifuata hatua ya ugonjwa, kusambaa kwake, maradhi mengine na VVU. Ila baada ya miaka mitano waliopatikana walikuwa 76 tu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alipotaka majibu kuhusu uvimbe uliokuja kuitwa kwa jina lake, mwaka 1961, alitoka Kampala na gari la mtumba, akazifuata hospitali moja baada ya nyingine hadi kusini mwa Afrika. Hao 156 wengine nao wanahitaji mtu wa kupanda boti hadi Kalya, kando ya Ziwa Tanganyika, kuwaulizia.