Pongezi kwa Mtafsiri wa Sinema

Hollywood ya zamani ilishika kanuni moja: mtazamaji asiuone mkono wa mtengenezaji. Mwaka 1967 filamu ya Bonnie and Clyde ikachanganya kicheko na damu, na mwaka uliofuata kanuni za maadili zilizozibana studio tangu 1934 zikawekwa kando. Wamarekani wanausifia mno ujasiri huo wa kuvunja utaratibu.

Mimi ninaowavulia kofia ni watafsiri wa sinema waliotuvunjia utaratibu huku kwetu, kwenye vibanda vya video vya Kilwa na Lindi. Kibandani Mmarekani hasemi peke yake. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliweka sauti yake juu ya ile ya filamu, akawa jambazi, askari na mke aliyesalitiwa, wote kwa pumzi moja. Hakufuata neno kwa neno. Alieleza nani ni ndugu wa nani, alionya kinachokuja, alimsema mhusika mpumbavu kama shangazi anavyomsema mpwa wake.

Sikiliza anavyofanya mtafsiri mzuri risasi zinapoanza: ananyamaza, anaziacha zilie, kisha anarudi kabla moshi haujatawanyika. Huo ni ufundi wa masikio, na mjuzi wa Kiingereza asiye nao atashindwa.

Mvuvi aliyetoka majini jioni, bila darasa la Kiingereza, aliifuata hadithi nzima na kubishana nayo. Watafsiri hawa wanastahili majina yao yaandikwe kwenye historia ya filamu Tanzania, pamoja na ya waongozaji.