Bampa la nyuma la kujitengenezea: kazi iko kwenye chasisi

Mtu akioneshwa bampa la nyuma lililotengenezwa gereji, kwanza atalipiga teke. Likitoa mlio mzito, anatikisa kichwa na kuridhika. Teke hilo halijapima chochote. Boriti nene ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika kazi hii: unakwenda duka la vyuma, unanunua bomba, unakata kwa kipimo. Kinachoamua kama bampa litafika safari na kurudi ni vipande vichache ambavyo huvioni mpaka ulale chini ya gari na tochi mkononi.

Bampa ninalolichambua hapa limetengenezwa Arusha, limefungwa kwenye Toyota Land Cruiser HZJ78, ile hardtop ndefu ya injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2. Gari lenyewe linahangaika njia za Ziwa Natron na Loliondo. Na sababu ya kulitengeneza haikuwa urembo. Gari hili hutoka kiwandani likiwa limebeba tairi la spea kwenye mlango wa nyuma. Tairi la 7.50R16 pamoja na rimu yake ya chuma hukaribia kilo 40. Kwenye lami, mlango unauvumilia mzigo huo miaka na miaka. Kwenye changarawe iliyojaa vijituta, tairi linatikiswa mfululizo kwa masaa, bati la mlango linanyumbuka na kurudi, na ufa unaanza pembeni ya bolti za kishikio. Baadaye bawaba zinalegea, mlango unashuka, vumbi linaingia ndani. Kuchomelea kiraka juu ya ufa ni kuahirisha tu. Dawa ni kuuondoa mzigo mlangoni na kuukabidhi kwenye chasisi, na bampa ndilo daraja la kuuvusha.

Mbali na tairi, bampa hilohilo litavutwa gari likinasa, na litainuliwa kwa ile jeki ndefu ya matope. Tairi linalikandamiza chini na kulisokota, kamba inalivuta nyuma, jeki inalisukuma juu. Fundi aliyelitengeneza alianza na swali la namna kila nguvu itakavyosafiri hadi kwenye chasisi, ndipo akaja kwenye sura ya bampa. Hilo ndilo lililonivutia kuandika juu yake.

Boriti yenyewe nitaipitia haraka. Ni bomba la mstatili, mafundi wanaliita skwea paipu, la milimita 100 kwa 50, unene milimita 4, limesimamishwa kwa upande wake mrefu. Urefu ni mita 1.6, na kwa uzito wa karibu kilo 9 kwa kila mita, boriti nzima haizidi kilo 15. Wateja wengi hudai unene wa milimita 6. Hapo uzito unapanda hadi kilo 13 kwa mita, unabeba kilo 6 au 7 za bure, na nguvu uliyoinunua haifiki popote kwa sababu vishikio vitasalimu amri kwanza. Ncha mbili zimekatwa mshazari kwa chini ili gari lisikwaruze linapopanda ukingo wa korongo.

Sasa vishikio. Kila upande una bamba la milimita 8 lililolala ubavuni mwa reli ya chasisi kwa urefu wa karibu sentimita 25, na bamba jingine linalotazama nyuma, yameunganishwa kwa pembetatu za chuma. Bolti ni M12 za daraja 8.8. Fundi alitumia kwanza matundu ambayo kiwanda kiliyaacha, na alipolazimika kutoboa mapya, aliyatoboa kwenye ukuta wa wima wa reli, katikati ya kimo chake. Hii ni nidhamu ambayo natamani kila gereji iwe nayo. Chasisi inapopinda, mkazo mkubwa uko ukingo wa juu na ukingo wa chini. Katikati ya ukuta wa wima chuma kimetulia kiasi. Tundu moja kwenye ukingo wa chini ni mwaliko wa ufa.

Kuna kitu kidogo zaidi ambacho sikukiona mpaka nilipomulika ndani ya reli. Pale chasisi ilipo boksi lililofungwa pande zote nne, bolti ndefu inayopita kuta mbili ikikazwa sana inazikandamiza kuta zikaribiane, nati inaonekana imekaza, kumbe imekaza bati linalobonyea. Kesho yake imelegea. Hapa kila bolti ya aina hiyo imepitishwa ndani ya kipande cha bomba kilichokatwa sawasawa na upana wa ndani wa boksi. Ukikaza, unakaza chuma juu ya chuma.

Kukaza ndiyo siri ya kishikio cha bolti. M12 ya daraja 8.8 ikikazwa kavu kwa nyutoni mita 85 hubana mabamba kwa nguvu ya takriban tani 3 na nusu. Kazi ya kila siku inafanywa na msuguano kati ya mabamba yaliyobanwa hivyo, na bolti yenyewe haipaswi kukatwa kama kisu kinavyokata. Ndiyo maana sehemu zinazogusana zilipakwa rangi nyembamba tu ya kuzuia kutu, na hakuna raba katikati. Wapo wanaoweka raba wakidhani wanapunguza mtikisiko. Raba inalala, mbano unapotea, mabamba yanaanza kutembea, na matundu yanageuka mayai.

Swali linaloulizwa kila mara ni kwa nini usichomelee bampa moja kwa moja kwenye chasisi umalize. Nalipinga wazo hilo bila kusitasita. Joto la kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma pembeni ya mshono, na mshono unaokatiza reli kwa upana wake huacha kona ndogo kali ambapo mkazo unakusanyika. Gari likienda kilomita nyingi za vijituta, uchovu wa chuma unaanzia hapohapo, ufa unatembea polepole chini ya rangi, na siku ukiuona umeshavuka nusu ya reli. Bampa ukilivunja utatengeneza jingine. Chasisi ukiivunja umeliua gari. Tena magari mengi ya aina hii yana matanki mawili ya mafuta, na kuwasha moto wa kuchomelea karibu na tanki ni hatari isiyo na sababu.

Kwenye kuvuta, uamuzi uliobeba kazi yote ni mahali pa masikio ya kufungia shakeli. Yamewekwa mkabala na reli za chasisi kabisa. Ungeyaweka kwenye ncha za boriti, kila mvuto ungeipinda boriti na kuvipa vishikio mzigo wa kusokotwa juu ya mzigo wa kuvutwa. Hapa nguvu inatoka kwenye kamba, inapita kwenye sikio, inaingia kwenye reli, na boriti haiambulii kitu. Sikio ni bamba la milimita 12. Limepenyezwa katika mpasuo uliokatwa kwenye kuta zote mbili za boriti na kuchomelewa nje na ndani, kisha likaunganishwa na kishikio nyuma yake. Hata mshono wa nje ukipasuka, sikio haliwezi kuchomoka, maana bado limeungana na kishikio. Tundu lake ni milimita 25, linapokea pini ya milimita 22 ya shakeli ya tani 4.75, na chuma kilichobaki baada ya tundu ni milimita 30. Gari hili likiwa na mizigo hukaribia tani 3, na matope ya mfinyanzi yanaweza kudai mvuto unaozidi uzito wake. Kipande cha chuma kikichomoka chini ya kamba iliyokazwa kinaruka kama risasi, na walio karibu ndio wanaokipokea.

Mkono wa tairi, ule unaobeba spea na kufunguka pembeni ili mlango wa nyuma ufunguke, ndio unaotofautisha fundi na fundi. Umekaa juu ya habu ya trela yenye beringi mbili za koni, ambazo maduka ya spea yanazo tele. Katikati ya tairi iko sentimita 70 kutoka kwenye ekseli ya habu. Mkono ukifunguliwa, kilo 40 kwenye umbali huo zinabebwa na beringi mbili zilizoachana sentimita 8 tu. Fanya hesabu: 40 mara 70 gawa kwa 8, unapata kilo 350 zinazoisukuma kila beringi kwa ubavu, moja mbele na nyingine nyuma. Ungezikaribiza hadi sentimita 4, zingekuwa 700. Hapo ndipo mikono mingi inapoanza kuning'inia.

Na ekseli ya habu haikubandikwa juu ya boriti. Ukuta wa milimita 4 ungepinda kwa nguvu hiyo. Boriti ilitobolewa juu na chini, mhimili ukapitishwa moja kwa moja na kuchomelewa kuta zote mbili, hivyo milimita 100 nzima za kimo cha boriti zinaushikilia. Ukifunga mkono, ncha yake inapanda kiteremko kidogo cha chuma na kukaa juu ya kiti, ikiwa imenyanyuliwa kidogo. Tangu hapo beringi hazibebi tairi peke yake. Barabarani mkono umeshikwa ncha mbili.

Uchomeleaji ulifanywa kwa utaratibu wa kusifiwa. Vipande vilishikizwa kwa nukta vikiwa vimefungwa kwenye gari, betri ikiwa imechomolewa ili kulinda diodi za alteneta, kisha bampa zima likafunguliwa na kumaliziwa mezani. Mabamba mazito yalikwanguliwa kingo kwa grainda ili mshono uzame, wakatumia vijiti vya E7018 vilivyohifadhiwa pakavu, jambo lisilo dogo wakati wa masika, kwani kijiti chenye unyevu huingiza haidrojeni kwenye mshono na kuuachia nyufa. Walichoma kushoto kidogo, kulia kidogo, boriti isivutwe upande mmoja. Bampa lilirudi kwenye matundu yake bila kupigwa nyundo.

Baada ya hapo mwenye gari akataka vishikio vya madumu mawili ya dizeli. Fundi alikataa, nami nasimama upande wake. Madumu mawili ya lita 20 yakiwa yamejaa ni kilo 42 hivi. Yakikaa mita 1.4 nyuma ya ekseli, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.98, ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 62 na ya mbele inanyang'anywa 20. Usukani unakuwa mwepesi kwenye changarawe, mahali usipotaka uwe mwepesi. Mafuta ya ziada yawekwe kati ya ekseli mbili.

Kasoro zipo, na mbili ni za kurekebishwa kabla ya safari nyingine. Kufuli la mkono ni ndoano moja ya kubana, bila pini ya pili ya usalama. Ndoano ikifyatuka, tairi linafunguka barabarani na anayekuja kulipita gari ndiye atakayelipokea. Tundu la milimita 10 na pini yenye mnyororo vinatosha. Ya pili ni maji. Boriti ina vitundu viwili vya kutolea maji, vyembamba, na vyote viko katikati, wakati matope yanajikusanya kwenye ncha zilizokatwa mshazari. Vumbi la Natron lina magadi, likilowa ndani ya bomba linakula chuma kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa. Matundu ya milimita 15 yatobolewe kwenye kila ncha, na boriti ioshwe kwa ndani kila gari linaporudi.