Betri moja, waya mmoja, balbu moja

Mpe mwalimu wa shule ya msingi betri ya tochi, balbu ndogo na kipande kimoja cha waya, kisha umwambie aiwashe balbu. Wengi huisimamisha balbu juu ya betri na kuugusisha waya kwenye ncha zote mbili za betri. Balbu haiwaki, waya ndio unaopata moto. Wengine huvuta waya kutoka betri hadi kwenye balbu wakangoja, kana kwamba umeme ni maji ya bomba. Somo la umeme kwa walimu katika Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle, lilianzia kwenye kukwama huko.

Arnold Arons alihamia huko mwaka 1968 akitokea chuo cha Amherst, akaandaa kozi ya sayansi kwa watu wanaojiandaa kufundisha shule za msingi. Lillian McDermott aliungana naye, na kuwafunza walimu kukawa kazi yake ya maisha hadi alipofariki mwaka 2020. Kitabu cha kazi cha McDermott na kundi lake, Physics by Inquiry, kilitoka mwaka 1996 katika juzuu mbili. Ukikifungua hukuti mhadhara. Unakuta mambo ya kufanya na maswali yanayokubana.

Wanaoisifu njia hii husifu vifaa: walimu hushika, hujaribu, hufurahi. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ndogo. Watu wanaweza kuchezea betri mchana kutwa wakatoka na fikra zilezile walizoingia nazo. Kazi kubwa imefanywa na mpangilio wa hatua.

Balbu ikishawaka, mwalimu anaichunguza na kugundua kwamba uzi wake wa ndani umeungwa sehemu mbili: ncha moja kitakoni, nyingine kwenye chuma cha ubavuni. Hapo anaelewa kwa nini lazima njia izunguke na kurudi, na ndipo anapopewa neno “sakiti”. Arons alishikilia utaratibu huo: wazo kwanza, jina baadaye. Kisha anakubali kwa muda kwamba kuna kitu kinachopita, na mwangaza ndio kipimo chake. Hapo volti bado haijatajwa, wala kanuni ya Ohm.

Zinafuata balbu mbili kwa mfuatano. Kabla ya kuunganisha, lazima aandike anachotarajia. Wengi huandika kwamba ya kwanza itang'aa zaidi kwa sababu “inatumia” umeme na kuiachia ya pili mabaki. Zinawaka sawa, ila zote ni hafifu kuliko balbu ikiwa peke yake. Zikiwekwa sambamba, kila moja inang'aa kama iliyo peke yake, maana yake betri sasa inatoa mkondo mkubwa zaidi. Kwa hiyo betri haitoi kiasi kilekile siku zote. Hitimisho hilo ndilo gumu kuliko yote, na mwalimu amelifikia mwenyewe.

Kila baada ya hatua chache anasimama na kumweleza mkufunzi hoja zake. Mkufunzi hatoi jibu. Anauliza swali jingine. Hoja ikiyumba, mwalimu anarudi mezani.

Je, walimu hawa hawangeweza kupelekwa tu kwenye kozi ya kawaida ya fizikia? Kundi la McDermott lilikuwa na kipimo. Chukua balbu tano zinazofanana: moja peke yake, mbili kwa mfuatano, mbili sambamba, kila sakiti na betri yake, kisha zipange kwa mwangaza. Miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu waliosoma fizikia yenye kalkulasi, takriban asilimia 15 tu walipata, hata baada ya mihadhara. Ndiyo maana McDermott alidai kozi maalumu kwa walimu: mtu hufundisha jinsi alivyofundishwa.

Gharama yake ni muda. Sura hii ya umeme huchukua wiki kadhaa na inahitaji wakufunzi wa kutosha kusikiliza kila meza. Semina ya siku tatu, ile tuliyoizoea, haimfikishi mtu hata kwenye balbu zilizo sambamba, na mkufunzi aliyezoea kujibu papo hapo ataiharibu njia hii hata akipewa mwezi.

Anayetaka kujaribu leo aangalie pia tochi anayonunua. Nyingi sasa ni za LED. LED nyeupe huhitaji takriban volti 3, betri moja hutoa 1.5, tena LED huwaka mkondo ukipita kwa mwelekeo mmoja tu. Mwalimu atakuwa ameunganisha sawasawa na bado abaki gizani, aamini amekosea. Tafuta balbu za zamani zenye uzi, za aina moja na volti zinazolingana. Hata hizo zijaribiwe kwanza: ziunge kwa mfuatano, na kama moja inang'aa zaidi, zibadilishe nafasi. Ikiendelea kung'aa zaidi kule ilikohamia, tofauti imo ndani ya balbu yenyewe, na balbu hiyo haifai kwa somo hili.