Kulituliza Gurudumu

Katika kazi zote za karakana ya pikipiki, hakuna iliyo ya kimya kuliko kusawazisha gurudumu, yaani kuhakikisha kwamba uzito wake umegawanyika sawasawa kuizunguka ekseli, ile fimbo ya chuma inayopita katikati yake. Na huenda ukimya huo ndio uliosababisha kazi hii iwe ya kwanza kuachwa tangu mafundi walipoanza kupimwa kwa idadi ya pikipiki wanazozitoa kabla ya jua kuzama. Injini ikifunguliwa watu husogea kutazama, na rangi mpya humpendeza mwenye mali hata asipopanda. Gurudumu lililosawazishwa halina cha kuonyesha, ila siku pikipiki inapofikia mwendo ule ambao usukani ulizoea kutetemeka, mwendeshaji hukuta umetulia.

Pikipiki ya porini, ile yenye tairi la vitufe virefu, ringi ya mbele ya inchi 21 na ya nyuma ya inchi 18 au 19, ina chanzo chake mahususi cha mtetemo. Kwa kuwa tairi lake hujazwa upepo kidogo ili lishike udongo laini, linaweza kuteleza juu ya ringi na kuing'oa valvu ya mpira wa ndani, na ili kulizuia hufungwa ndani ya ringi kibanio kiitwacho rimloki, ambacho huukandamiza ukingo wa tairi usisogee. Kibanio hicho, pamoja na bolti na nati yake, huufanya upande mmoja wa gurudumu kuwa mzito kuliko wa pili. Gramu 100 si kitu zikiwa mkononi, lakini zikikaa sentimita 25 kutoka katikati ya gurudumu la mbele linalokwenda kilomita 80 kwa saa, huvuta kuelekea nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 11 hivi, na mvuto huo huzunguka pamoja na gurudumu, juu na chini, takribani mara 10 kila sekunde. Mwendo ukipungua nusu, nguvu hiyo hushuka hadi robo.

Hesabu hiyo ndiyo inayowapa baadhi ya washindani wa motokrosi haki ya kutoijali kazi hii, kwa kuwa katika viwanja kama Jamhuri jijini Nairobi au Busiika nchini Uganda, penye udongo uliochimbwa na mirukio ya kila mara, gurudumu halipati nafasi ya kuzunguka kwa kasi moja kwa muda mrefu. Hata hivyo, pikipiki nyingi za porini zilizojulikana Afrika Mashariki hazikuja kwa ajili ya michezo. Honda XL 125 na Yamaha DT 125 zilikuwa za bwana shamba, za mganga wa chanjo na za padri wa parokia ya mbali, na safari zao zilianzia kwenye lami, zikaingia changarawe, zikaishia kwenye matope. Kwa watu hao gurudumu tulivu halikuwa anasa.

Kabla ya kusawazishwa, gurudumu hunyooshwa, na hapa ndipo penye uhondo wa kazi yenyewe. Katika gurudumu lenye spoku, yaani nyuzi za chuma, zinazotoka kwa mshazari kwenye habu, ambayo ni kitovu cha gurudumu, aina ambayo James Starley wa Coventry, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1874, ringi hushikiliwa kwa kuvutwa kutoka pande zote na si kwa kuegemezwa. Spoku moja ikilegea, jirani zake hubeba mzigo usio wao, ringi huanza kucheza, na uzito wowote utakaofungwa juu yake utakuwa unaficha ugonjwa badala ya kuutibu. Fundi wa shule ya zamani hugonga kila spoku kwa spana ndogo na kusikiliza, kama mpiga udi anavyosikiliza nyuzi zake kabla ya hadhira kuketi: iliyolegea hutoa mlio mfu, iliyokazwa kupita kiasi hulia kwa ukali, na zilizo sawa hujibu kwa sauti zinazokaribiana upande mzima wa habu. Hakazi moja mpaka mwisho kisha akaendea nyingine. Huikaza kwa robo ya mzunguko, akaiacha, akapita kwa zote, akarudi tena, kwa sababu kila anachokigusa huathiri kingine. Anayeona mikono hiyo ikifanya kazi hutambua kwamba sikio nalo ni kifaa cha karakana, na kwamba halinunuliwi dukani.

Baada ya hapo gurudumu hutolewa kwenye pikipiki, likatenganishwa na breki na cheni, na ekseli yake ikalazwa juu ya vishikizo viwili vilivyo sawa kwa urefu. Beringi, yaani golori zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka juu ya ekseli, sharti ziwe safi na nyepesi, maana zikikwama zitalisimamisha gurudumu mahali pasipo pake na fundi ataamini uongo. Hulisukuma kidogo, akaondoa mkono. Gurudumu hupunguza mwendo, hupita mahali pake, hurudi, hupita tena kwa umbali mfupi zaidi, kisha hutulia, na upande wake mzito huwa umekwenda chini. Alama ya chaki huwekwa juu kabisa, palipo pepesi. Gurudumu likirudia pale pale mara kadhaa, fundi huzungushia waya wa lehemu kwenye spoku iliyo karibu na alama, au hubana kipande cha risasi (ambayo ni sumu, kwa hiyo mikono huoshwa kabla ya chakula), kisha huipeleka alama ubavuni na kuliachia gurudumu. Likishuka upande wa alama, uzito umezidi, likipanda, haujatosha. Kazi huisha gurudumu linapobaki popote linapoachwa, na hakuna nguvu ya mkono inayoweza kuharakisha jibu hilo.

Uvumilivu huo ndio unaotoweka. Tairi hubadilishwa kando ya barabara kwa vyuma viwili na haraka nyingi, risasi iliyodondoka hairudishwi, spoku hazikumbukwi mpaka moja ikatike, na mtetemo unaofuata husingiziwa barabara mbovu, ambayo haina mdomo wa kujitetea. Mwenye kulipa gharama ni mwendeshaji. Tangu mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alipowachunguza wakata mawe wa Bedford, Indiana, Marekani, waliokuwa wakipauka vidole na kuingiwa na ganzi kwa kushika nyundo za upepo, imejulikana kwamba mtetemo wa muda mrefu huudhuru mkono wa mtu. Pikipiki si nyundo ya upepo, lakini anayeshinda juu yake kutwa nzima huifahamu ganzi ya vidole jioni, na ni aibu kwa ufundi kwamba sehemu ya ganzi hiyo ingeondolewa kwa vipande vichache vya risasi na saa moja ya utulivu.

Vyuo vya ufundi, vikiwemo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, pamoja na wenye karakana wanaowapokea vijana, na wampe kila mwanafunzi gurudumu moja la spoku, vishikizo viwili, chaki na waya wa lehemu, wamketishe karibu na fundi mzee angali na nguvu za kufundisha, na wasimruhusu kugusa gurudumu la mteja mpaka lake mwenyewe litakaposimama popote atakapoliacha.